Mkuu zuia plasta kwanza, huo waya haujapimwa

Mkuu, kesho asiguse mtu ukuta hapo kwako. Umesema fundi umeme kamaliza kulaza mabomba na kuvuta waya nyumba nzima, anataka hela iliyobaki, na kakwambia wewe ziba tu ukuta, vipimo mtafanya mwishoni mkishafunga soketi na taa. Halafu unauliza kama alivyokuchaji ni sawa, ununue taa gani na kama afunge inveta kabisa. Mimi hiyo ya "vipimo mwishoni" ndo imenikalisha hapa niandike bila hata salamu, maana niliambiwa maneno hayohayo nikaitikia, na nilichokuja kukifukua ukutani sitaki ukione kwako.

Fundi wangu nililetewa na ndugu. "Huyu jamaa kafanya kwangu, mwaka wa tatu huu taa hazijawahi kusumbua." Nikaamini, nani angekataa. Sasa nisikilize vizuri, taa kuwaka hakuthibitishi chochote. Taa inawaka hata kama waya umeungwa kwa kusokota na tepu, inawaka hata kama ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haijafungwa popote, inawaka hata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaorudisha) zikiwa zimegeuzwa. Ndugu yangu hakuwahi kuona ndani ya ukuta wake, alichokuwa anakijua ni kwamba akibonyeza swichi kunawaka, basi, na hicho ndo akanipa mimi kama dhamana. Mpaka leo tukikaa pamoja nikikumbuka napandwa na hasira, kwa sababu alisema kwa uhakika sana jambo ambalo hakuwa analijua.

Basi nikawa na hita ya kuoga, ile ya kuchemsha maji papo hapo, wati 7,000. Gawa kwa volti 230 unapata ampea 30 na kitu. Mzigo wa hivyo unataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka mpaka bafuni, usichangie na kitu kingine, na usiwe chini ya milimita za mraba 6, njia ikiwa ndefu unapanda zaidi. Hilo nilikuwa nalijua, nikanunua waya wa 6 mwenyewe, nikamkabidhi mkononi. Ukifungua boksi la breka unauona kabisa ule waya mnene umeingia kwenye breka ya ampea 32, safi, ndo maana nikalala usingizi. Kumbe njiani waya ulimwishia. Badala ya kuniambia uongezwe, akachukua waya wa 2.5 uliobaki kwenye soketi, akausokota na ule wa 6, akazungusha tepu nyeusi, akausukumia ndani ya bomba, siku ya pili plasta ikapita juu. Upande wa bafuni waya uliingia nyuma ya hita, na mimi sikuwahi kufungua kile kifuniko.

Wiki ya tatu tangu tuhamie tukaanza kusikia harufu koridoni, kama samaki aliyeungulia, inakuja mtu akioga inapotea baadaye. Tukafikiri jikoni. Nikampigia fundi, akanijibu ni rangi mpya inakauka, na kama ingekuwa umeme breka ingeshakata. Hili jibu ndo linaniuma kuliko yote, maana linasikika kama la mtu anayejua kazi. Breka inaangalia ampea zinazopita tu. Zilikuwa zinapita 30 na breka ni ya 32, ikate kwa sababu gani? Breka iliwekwa kulinda waya wa 6, haina habari kwamba mbele huko umegeuka kuwa wa 2.5, na wala haioni jointi iliyolegea. Joto la waya nalo haliendi sambamba na mzigo, ukipitisha ampea 30 kwenye waya uliotakiwa kubeba 20 joto haliongezeki nusu, linazidi mara mbili, kwa sababu linakwenda kwa kipeo cha pili cha ampea. Weka na jointi ya kusokota hapo katikati uone.

Siku moja nikaona duara la kahawia kwenye rangi ya ukuta, ukubwa wa sahani. Nikaweka kiganja. Ukuta una joto. Mtoto alikuwa ametoka kuoga dakika chache zilizopita, na ukuta una joto kama ubavu wa mnyama. Nikakimbia kuzima meni swichi, usiku ule tukalala na tochi.

Fundi wa pili akachimba pale. Tepu ilikuwa imeyeyuka imekuwa kama lami, shaba imekuwa nyeusi, na gamba la waya wa 2.5 ukiligusa linapukutika kama ganda la yai. Na bomba lenyewe lilikuwa limeyeyuka likagandana na waya. Unaelewa maana yake? Bomba likiwa zima unavuta waya mbovu unapitisha mpya, kazi ya saa moja. Likigandana hivyo hakuna kuvuta, unachimba ukuta wote mpaka bafuni, marumaru zote za upande ule zinatoka. Tena hatukujua bomba limepita wapi kwa sababu hakuna hata picha moja iliyopigwa kabla ya plasta, tukachimba sehemu mbili za bure kwanza. Marumaru za kufanana na zile sikuzipata tena, ukuta mmoja wa bafu mpaka leo una rangi yake. Na hela ya yule fundi wa kwanza nilishailipa yote, simu akaacha kupokea.

Kwa hiyo mkuu mimi nina sharti moja tu na sitalilegeza, UKUTA HAUFUNGWI mpaka waya uonekane, upigwe picha na upimwe kwa mashine wewe ukiwa umesimama pale. Fundi akinuna, anune.

Picha unapiga ukuta mmoja mmoja, weka futi ya kupimia ionekane kutoka sakafuni na kutoka kona, ili kesho ukitaka kutoboa kutundika kabati ujue usitoboe wapi. Kila mahali waya unapoungwa lazima pawe na boksi lenye kifuniko kinachofunguka, na konekta ndani yake. Mwambie akuonyeshe kila jointi. Akisema "hii haina shida naifukia", hapohapo simamisha kazi. Halafu soma maandishi kwenye gamba la waya ncha zote mbili, kwenye boksi la breka na kule unakofikia, taa kwa kawaida 1.5, soketi 2.5, hita ndo hiyo niliyosema. Ncha zote mbili! Mimi niliangalia moja. Kwangua pia shaba kidogo kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, haibebi mzigo sawa na shaba halisi ya unene huohuo, irudishwe dukani kabla hakijakatwa kipande kingine.

Kupima sasa. Asije na testa ya bisibisi akakwambia kapima, ile inakuonyesha kama kuna umeme au hakuna, basi. Maltimita nayo kwa kazi hii haitoshi maana inapima kwa volti chache za betri. Kuna mashine ya kupimia insulesheni, yaani kama gamba la waya ni zima, mafundi wengi wanaiita mega, inasukuma volti 500 kwenye waya ambao haujaunganishwa na umeme wala kifaa chochote, unasoma kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, ila waya mpya mzima unatakiwa usome juu sana ya hapo, ukiona namba ndogo kuna gamba limechunwa wakati wa kuvuta. Baada ya hapo apime kama ethi imefika kweli kwenye kila soketi na bafuni, mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Plasta ikishapita apime tena, maana misumari na mwiko navyo vinachuna waya. Hana mashine? Aazime, au mlete fundi mwingine mwenye nayo kwa nusu siku.

Leseni muulize, ndiyo, lakini yule wangu alikuwa nayo na alinionyesha.

Na hela iliyobaki usiitoe leo. Mwambie kwa upole inatoka siku ya vipimo, namba zikiandikwa kwenye karatasi, saketi moja moja, yaani waya wa kila breka peke yake. Fundi mzuri hilo halimsumbui, yule wa pili alianza kupima kabla hata sijamwambia, akanipa karatasi mwenyewe. Mwambie pia aweke ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, hasa kwa ajili ya bafuni na soketi, ina kitufe cha kujaribia, bonyeza mwenyewe uone inakata.

Za inveta na taa sijazigusa hata, wengine watakusaidia, hizo zinanunuliwa hata mwakani. Wewe sasa hivi mpigie mtu wa plasta kabla hajachanganya saruji, mwambie asubiri siku mbili. Kukikucha anza na ukuta wa bafuni, umulike bomba lote kuanzia kwenye breka, na ukikuta mahali waya umebadilika unene au kuna tepu nyeusi inachungulia, piga picha uiweke hapa tuione, hata kama ni usiku nitaijibu.