Kitabu Kipya Kisiingie Rundoni Kabla Hujakifungua

Juzi msomaji mmoja aliniandikia. Amepokea vitabu saba kwa mkupuo, vingine zawadi, vingine kanunua mwenyewe, na anauliza aviingize vipi kwenye rundo lake ambalo tayari lina vitabu zaidi ya thelathini. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikaona haitoshi. Swali lake limenigusa penye kidonda, na najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma hapa nawe unatamani kusoma zaidi ya unavyosoma sasa, na una kona yenye vitabu vinavyokusubiri.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi chini ya mzee mmoja. Ndiye aliyenifundisha kuandika ripoti inayoeleweka. Siku ya kustaafu aliniita mezani kwake, akanipa kitabu. "Kisome taratibu, mwanangu, halafu tuzungumze." Nilifurahi kweli. Nikafika nyumbani, nikalitazama jalada, nikakiweka juu ya rundo. Wiki iliyofuata kikaja kingine, kikakaa juu yake. Kisha vingine viwili.

Baada ya mwezi akanipigia simu. "Umefika wapi?"

"Naendelea nacho, mzee. Ni kizuri sana."

Sikuwa nimefunua hata ukurasa mmoja. Baada ya miezi mitatu akauliza tena, nikajibu vilevile. Mara ya tatu alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwanangu." Hakuuliza tena.

Mwezi wa kumi na nne nilikuwa nalihamisha rundo nifute vumbi, kile kitabu kikaponyoka, kikaangukia sakafuni kikiwa wazi. Pembeni mwa ukurasa wa 23 niliuona mwandiko wake wa penseli, herufi ndogo zilizoinama kushoto: "Hapa wewe ungefanyaje?" Nikafunua mbele. Ukurasa wa 58: "Kumbuka ripoti yako ya kwanza." Ukurasa wa 140 alikuwa amepigia mstari aya nzima na kuandika jina langu kando yake. Mzee alikisoma kitabu kizima kwa ajili yangu kabla ya kunipa, akiniachia swali kila penye jambo. Niliposema naendelea nacho na ni kizuri, bila kutaja hata neno moja la ile penseli, alijua palepale kwamba sijakifungua.

Nilikisoma kwa siku nne, nikampigia. Alinisikiliza kwa upole, akanishukuru, tukaulizana habari za watoto. Hajanipa kitabu kingine tangu siku hiyo. Ninapoandika haya bado linaniuma.

Ungedhani nilijifunza mara moja. Sikujifunza. Mwaka uleule nilinunua kitabu nilichokitamani muda mrefu, nikakiweka rundoni kikiwa bado kwenye plastiki yake. Miezi minane baadaye nikaanza kukisoma kwa hamu. Nilipofika ukurasa wa 96, uliofuata ukawa wa 81. Kurasa kumi na sita zikajirudia, kisha kitabu kikaruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 113. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, halafu mafungu yanapangwa na kushonwa au kugandishwa kwa gundi. Fungu moja likiwekwa mara mbili na jingine likasahauliwa, huwezi kuligundua kwa kutazama jalada. Muuzaji alikuwa tayari kubadilisha ndani ya siku 30. Mimi nilikuwa na miezi minane. Mpaka leo sijui kilichoandikwa kwenye kurasa za 97 hadi 112.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kalamu. Vitabu 43, jumla ya kurasa 11,610. Nilikuwa nasoma kurasa 20 kwa siku, yaani 7,300 kwa mwaka. Nikajiambia miezi ishirini itatosha, rundo litakuwa limekwisha. Kisha nikakumbuka kwamba kila mwezi napokea vitabu viwili. Vitabu 24 kwa mwaka, kwa wastani wa kurasa 270, ni kurasa 6,480. Ukizitoa kwenye 7,300 zinabaki 820, ambazo ni vitabu vitatu. Kwa mwendo ule, rundo langu lilihitaji miaka kumi na minne. Fanya hesabu hiyo kwa rundo lako leo kabla hujalala.

Wajapani wana neno la hali hii, tsundoku, lililozuka enzi ya Meiji, kati ya 1868 na 1912: kununua vitabu na kuvirundika bila kuvisoma. Watu wengi hulitumia kujifariji, na hupenda pia kumtaja mwandishi wa Italia Umberto Eco, aliyekuwa na vitabu takriban 30,000 katika nyumba yake ya Milan. Mimi faraja hiyo siikubali. Kwa Eco vitabu vile vilikuwa zana za kazi, alijua kwa nini kila kimoja kipo. Mimi nilikuwa na kitabu chenye jina langu ndani na sikujua.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja, nao ni huu: kitabu kipya hakiingii rundoni kabla hakijafunguliwa. Kikifika, nakitoa kwenye bahasha siku hiyohiyo. Kama kina jalada gumu, nakisimamisha mezani kwa mgongo wake, nalaza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu nashusha kurasa chache za mbele, chache za nyuma, nikizibonyeza taratibu kwa kidole karibu na mshono, mpaka nikutane katikati. Mgongo unalegea bila kupasuka, na kila fungu linakuwa limepita machoni pangu. Namba za kurasa zikiruka, naona. Mwandiko wa mtu ukiwepo, naona. Kisha kwa penseli, ndani ya jalada, naandika tarehe na jina la aliyenipa, na kama nimenunua mwenyewe naandika kwa nini nimekitaka. Mstari mmoja tu. Mwaka ukipita, mstari huo ndio unaonikumbusha.

Halafu nasoma kurasa kumi. Hapo sina msamaha kwa mtu yeyote, hata kwangu. Kurasa kumi zinatosha kukuambia kama kitabu hiki utakirudia au utampa mwingine anayekihitaji. Vitabu kumi na saba vilitoka kwangu kwa njia hiyo, vyote vikaenda kwa watu ninaowajua.

Rundo lenyewe nimelivunja. Rundo la kulaza lina ubaya wake: kipya hukaa juu, nawe huchukua cha juu, kwa hiyo cha chini hakifikiwi kamwe, kimelemewa na uzito wa wenzake. Sasa vimesimama safu moja, wima, vimebanana kiasi tu cha kutoinama. Kipya kinaingia kulia, cha kusomwa kinatoka kushoto. Cha kuazima peke yake ndicho kinachoruka foleni, kwa sababu mwenyewe anakisubiri. Imenichukua miaka miwili, lakini safu yangu leo ina vitabu 12 na najivunia kila pengo lililo pale.

Ndugu zangu, tuache kujisifia picha za marundo. Mtu akikupa kitabu amekupa saa zake, na ukikinunua umejiahidi saa zako. Dawa ya deni ni kulipa. Fungua kitabu. Usiseme wikiendi, usiseme likizo, usiseme nikimaliza hiki. Fungua siku kilipofika. Uchovu unaoutaja leo utakuwepo kesho pia, na aliyekupa atauliza mara tatu tu.

Kwako uliyeniandikia: saba si vingi. Tenga jioni moja, vifungue vyote, kurasa kumi kumi, ni kurasa sabini. Chukua penseli. Anza na vile vya zawadi, na usiishie kwenye ukurasa wa tabaruku. Fika hadi zile karatasi tupu za mwisho, kwani watu huandika hata pale.