Mbwa koko kagongwa, Brufen kaa nayo

SWALI: Kuna mbwa koko anayeshinda karibu na soko la Kibuye. Amegongwa na bodaboda, anachechemea mguu wa nyuma na ana kidonda pajani. Namkadiria kilo 12. Nyumbani nina Brufen za 400, diklofenaki na Panadol. Nimpe ipi, kiasi gani? — P.A., Kisumu

JIBU: Brufen na diklofenaki usimpe hata robo. Mtu wa kilo 70 akimeza Brufen ya 400 anapata takriban miligramu 6 kwa kila kilo ya mwili wake. Mbwa huyo atapata 33. Kwa mbwa, kuanzia miligramu 25 hivi kwa kilo, kutapika na vidonda vya tumbo ni jambo la kutarajia. Akipewa kila siku, hata 8 kwa kilo humdhuru.

Lakini kukata kidonge vipande hakukuokoi. Dawa hizi huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe, na hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuiacha wazi mishipa ya damu ya figo presha inaposhuka. Mbwa aliyegongwa anaweza kuwa anavuja damu ndani huku kwa nje unaona mkwaruzo tu. Presha ikishuka, figo zake zinategemea prostaglandini, nawe unampa dawa ya kuziondoa. Aspirini nayo huzuia damu kuganda kwa siku kadhaa, kwa hiyo iache kabisa.

Kuna hasara nyingine watu hawaifikirii. Mbwa akishameza Brufen, daktari wa mifugo analazimika kusubiri siku kadhaa kabla ya kumpa dawa ya mbwa ya kundi hilo, kama meloksikamu.

Panadol huwachanganya wengi, kwa sababu madaktari wa mifugo huiagiza kweli: miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, baada ya kumkagua mgonjwa. Kwa kilo 12 hiyo ni kama theluthi ya kidonge cha 500. Ukimpa viwili kama mtu mzima, umempa 83 kwa kilo, kiwango ambacho ini huweza kuharibika. Na uzito wenyewe umeukadiria kwa macho, kwa hiyo usimpe kabla daktari hajamkagua. Panadol Extra ni mbaya zaidi kwa kuwa kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini. Dawa ya maji ya watoto pia isikushawishi, maana baadhi hutiwa zailitoli, sukari bandia inayoangusha sukari ya damu ya mbwa.

Fanya hivi. Kwanza mdomo: mbwa mpole akiumia huuma. Chukua kitambaa cha urefu wa mita moja, fanya kitanzi, kivishe puani na ukaze juu, pitisha ncha chini ya kidevu, kisha funga nyuma ya masikio. Usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Inua mdomo wa juu utazame ufizi. Ukiwa mweupe, huenda anapoteza damu, na kuosha kidonda kusubiri. Bonyeza kitambaa safi panapovuja, msogeze juu ya ubao au gunia lililovutwa likakaza, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ufizi ukiwa wa waridi, osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Spiriti na dettol kali huunguza nyama inayojaribu kupona. Amoksilini iliyobaki kabatini haitulizi maumivu wala haichukui nafasi ya kuosha. Chakula kisubiri, huenda akahitaji kupewa dawa ya usingizi ili atibiwe.

Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, na umtake daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa hodari wa dawa za minyoo za ng'ombe, ila hiyo haimfanyi daktari. Mbwa akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye mchubuko wako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa anaonekana mzima.

SWALI: Nimeshampa mbwa diklofenaki mbili jana usiku. Nimtapishe kwa maji ya chumvi? — Msomaji, Kakamega

JIBU: Hapana. Chumvi yenyewe ni sumu kwa mbwa, na kutapisha husaidia tu katika saa moja au mbili za kwanza, tena mikononi mwa daktari. Maziwa hayaondoi sumu. Mpeleke leo pamoja na pakiti, useme saa uliyompa na idadi. Matapishi yenye chembe nyeusi kama masimbi ya kahawa, mavi meusi yanayonata, au kutokojoa ni dalili za hatari, ila usizisubiri.

SWALI: Na paka? Nusu Panadol tu. — W.K., Nakuru

JIBU: Kamwe. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja paracetamol. Nusu kidonge kwa paka wa kilo 4 ni zaidi ya miligramu 60 kwa kilo, na paka huweza kudhurika hata kwa 10. Ufizi ukigeuka kahawia, muda wa kumwokoa unahesabiwa kwa saa.