Kwa nini maumivu yameanza siku ya tatu?

SWALI: Daktari, Ijumaa iliyopita niling'olewa gego la mwisho la taya la chini. Jumamosi nilipata nafuu, lakini Jumapili usiku yalianza maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, na mdomo unatoa harufu mbaya. Nimenunua amoksisilini katika duka la dawa, haijasaidia. Mimi huvuta sigara, na nilivuta jioni ile ile ya kung'olewa. Je, aliyening'oa alikosea? Aidha, mama yangu mwenye umri wa miaka 62 atang'olewa jino mwezi ujao. Ana vali bandia ya chuma moyoni na anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Jirani amemshauri aiache kwa wiki moja kabla. Je, ni sahihi?
Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Jino likishang'olewa, damu hujaa katika tundu na kuganda, na bonge hilo ndilo kifuniko cha mfupa hadi nyama mpya iote. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na hata maji ya kunywa yakiugusa mgonjwa huruka kwa maumivu. Hali hiyo huitwa tundu kavu, nayo kwa kawaida huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, wakati ule ule mtu anapotarajia kupona. Maelezo yako yanafanana nayo sana.

Hayo hayaonyeshi kwamba aliyekung'oa alikosea, kwa kuwa magego ya mwisho ya chini ndiyo yanayoongoza kwa tatizo hili, hasa yale yaliyong'olewa kwa shida. Sigara nayo imekuongezea hatari: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kule kuvuta kwenyewe kunaweza kulinyonya bonge likatoka. Wanawake wanaotumia vidonge vya majira, pamoja na mtu yeyote aliyewahi kupata tundu kavu, wamo pia katika hatari kubwa kuliko wengine.

Antibayotiki kama hiyo amoksisilini haiondoi maumivu haya, maana shida ni mfupa uliobaki wazi. Rudi kliniki kesho asubuhi, ambako tundu litasafishwa na kuwekewa dawa, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu, ile harufu unayoisikia ukiingia tu mlangoni, na wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Lakini ukiona homa, uvimbe unaoshuka shingoni, au ukashindwa kufungua kinywa au kumeza, usisubiri kesho. Nenda hospitali mara moja.

Kuhusu mama, nakusihi umzuie asiache warfarini kwa ushauri wa jirani. Damu ya fizi hudhibitiwa kwa kushona na kwa kung'ata gozi, yaani kitambaa laini cha kufungia vidonda, kwa nguvu, ilhali damu ikiganda kwenye vali ya chuma inaweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kumletea kiharusi. Kinachotakiwa ni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, siku chache kabla. Kikiwa chini ya 4, kwa kawaida jino hung'olewa bila kuiacha dawa, ila uamuzi huo ni wa daktari wake wa moyo na wa meno kwa pamoja.

Kuna jambo la pili ambalo hukulitaja. Jino linapong'olewa, bakteria wa kinywani huingia katika damu na wanaweza kujishikiza kwenye vali bandia, kwa hiyo wagonjwa kama yeye hupewa dozi moja ya antibayotiki nusu saa hadi saa moja kabla. Daktari wa meno hawezi kujua kwamba ana vali bandia kwa kutazama kinywa tu. Mama aende na kadi yake ya kliniki na dawa zake zote, hata zile zilizo katika bahasha ndogo zisizo na jina, aziweke mezani kabla ya kuchomwa sindano ya ganzi. Akirudi nyumbani, atumie parasetamoli kwa maumivu, wala asipewe aspirini, diklofenaki au ibuprofeni, kwa sababu zikikutana na warfarini huzidisha kutokwa na damu.