"My father is late": sentensi inayoponza wengi kwenye barua

Mbukwenyi wapendwa. Juzi nimepata meseji ya binti mmoja wa Manyoni, mdogo wake anasomeshwa na mfadhili wa nje, sasa baba yao kafariki akaona amjulishe yule mfadhili, akaandika "My father is late". Mfadhili akamjibu anatumaini baba atafika salama. Binti ananiuliza, dada, huyu mtu hana utu au? Nimeona nijibu hapahapa maana najua mpo wengi, kila siku mnatuma maombi ya kazi na skolashipu, mnataka kufika mbali.

Mfadhili hana kosa. Ukimsema mtu, hiyo "late" ikikaa baada ya "is" au "was" maana yake kachelewa, basi. Ikikaa kabla, yaani "my late father" au "the late" halafu jina, hapo ndo marehemu. Sisi inatuchanganya sababu Kiswahili kinakubali kotekote, marehemu baba sawa, baba ni marehemu sawa, sasa tunahamia na mazoea yetu kule. Na siyo sisi peke yetu, Botswana na Afrika Kusini watu wanasema "he is late" wakimaanisha amefariki na wanaelewana vizuri tu, ila barua ikifika Uingereza au Marekani itasomwa kachelewa.

Hili jambo nalijua kwa uchungu. Nina steshenari karibu na Jamatini hapa Dodoma, nachapa barua, CV, wasifu wa marehemu, kila kitu. Kuna kaka mmoja ana digrii yake alikuja asubuhi na barua kaiandika kwa mkono, anaomba ruhusa kazini akamzike mama yake Mpwapwa, na bosi wake ni mgeni wa nje. Kaandika "My mother is late and I request four days". Nikamwambia kwa sauti ya chini, kaka pole sana na msiba, ila hapa tuweke "My mother has passed away". Akaniangalia juu mpaka chini akasema we ni mchapaji, chapa nilichoandika, Kiingereza nimekisomea chuo. Watu wamejaa wanasubiri fotokopi, wote wakasikia. Nikachapa kama alivyotaka.

Mchana karudi na karatasi ileile, bosi kaandika pembeni kwa peni nyekundu "Late for what?" Mtu kafiwa na mama yake mzazi anaulizwa mama kachelewa wapi. Nilimchapia upya, hela sikuchukua, akaenda kuzika. Lakini samahani sikuisikia, na mpaka leo akiwa na kazi ya kuchapa anapita mlangoni kwangu anaenda kwa jirani. Bado inaniuma. Mimi niliishia form four, Kiingereza changu nimekijenga kwa kusoma kila karatasi inayopita mkononi mwangu, nikienda nyumbani nafungua kamusi, na leo kuna watu wako maofisini Mtumba barua zao za kwanza za maombi nilizinyoosha mimi. Vijana wangu, cheti ni kizuri ila usimdharau anayekurekebisha, msikilize kwanza, hata kama ni muuza karanga, sababu barua ikishatoka mkononi hairudi na jina lililoandikwa chini ni la kwako.

Tuendelee. Kwa vitu haina shida, "the bus is late" na "a late bus" yote ni kuchelewa, basi halifi. Ila kwa watu kuwa makini, usiandike tangazo la shule "the late student should see me", andika "students who come late". Halafu kuna ya muda, "in the late 1990s" ni miaka ya mwisho mwisho ya tisini, kama Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 1999, hapo inafaa kabisa. "It's late" ni muda umeenda, usiku umeingia. Na "lately" isikudanganye, hiyo ni siku hizi za karibuni, haihusiani na kuchelewa, "I came lately" usiandike ukitaka kusema ulichelewa, andika "I came late".

Nyingine inayonitisha ni viongozi. "The late President Magufuli" ni sahihi, alifariki Machi 2021, sisi tunasema Hayati. Lakini Rais Kikwete yupo hai na mzima wa afya, huyo ni "former President", mstaafu. Kuna mtu aliniletea hotuba ya mgeni rasmi kawachanganya hao wawili, nikasimamisha mashine nikampigia simu kabla sijatoa kopi hata moja. Na wale wa zamani sana kama Chifu Mkwawa aliyefariki 1898 hawaitwi "late" tena, neno hilo ni la watu ambao msiba wao bado uko kwenye kumbukumbu zetu.

Kwa barua andika "passed away" na tarehe, inatosha. Kwenye fomu pale pa jina la mzazi weka "deceased", hiyo hata ikikaa baada ya "is" haibadiliki maana, "my father is deceased", na kwenye makaratasi ya serikali na benki utaikuta sana.