Nafumba macho naona pikipiki tatu, lakini hesabu ya tajiri hainitimii

Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 29, naendesha bodaboda Mbagala, nina mke na mtoto mmoja. Pikipiki ni ya mkataba: kila siku nampelekea tajiri hesabu ya shilingi 10,000, na nikimaliza mwishoni mwa Novemba inakuwa yangu. Tatizo langu ni kubeti. Kila jioni naweka mikeka ya kama shilingi 3,000, na sasa nadaiwa hesabu ya siku tisa. Tajiri amesema deni likifika 150,000 anachukua chombo chake. Nimewasikiliza wahamasishaji wanaosema nifumbe macho nijione tayari nina pikipiki tatu na nyumba. Nafanya hivyo kila usiku, nalala na furaha, lakini kesho yake nabeti tena. Je, kuiwaza kesho kunasaidia kweli, au najidanganya?
Dereva, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Kuiwaza kesho kunasaidia, ila namna uliyofundishwa kuiwaza ndiyo inayokuangusha. Barua yako imetaja jambo moja ambalo nadhani hukulitilia maanani: anayekuonyesha kesho kwa ustadi kuliko wahamasishaji wako wote ni huo mkeka wa jioni. Mkeka una tarehe, nayo ni usiku wa leo. Una majina ya timu unazozijua. Na chini yake pameandikwa kiasi utakachopata, mpaka shilingi ya mwisho. Pikipiki zako tatu hazina mwezi wala mwaka, hazina rangi wala namba, na hata hujui utazilaza wapi. Picha hizo mbili zikikutana kichwani mwako saa moja ya jioni pale kijiweni, sishangai kwamba inayoonekana vizuri ndiyo inayoshinda.

Mwaka 2010 watafiti wawili nchini Ujerumani, Jan Peters na Christian Büchel, walichapisha jaribio ambalo washiriki walitakiwa kuchagua kati ya euro 20 za papo hapo na kiasi kikubwa zaidi ambacho wangekisubiri. Pale walipokumbushwa jambo lao wenyewe walilokuwa wamelipanga kwa siku hizo za mbele, kwa mfano safari ya likizo, walikuwa wepesi zaidi kukubali kusubiri. Zingatia kwamba hawakuombwa wajione matajiri. Walikumbushwa tukio la kawaida kabisa, lililo lao na lenye siku yake.

Kwa hiyo ziache kwanza hizo pikipiki tatu, uichukue hii moja unayoikalia. Jione mwishoni mwa Novemba, umekaa na tajiri wako mbele ya mwenyekiti wa mtaa, karatasi ya mauziano iko mezani, mnatia saini, naye anakukabidhi kadi ya pikipiki ambayo muda wote huu amekuwa akiifungia kabatini kwake. Kisha usiishie hapo, kwa sababu siku yenyewe ya makabidhiano ni fupi. Nenda mpaka kesho yake. Ni saa tano asubuhi, umekwisha kuwabeba abiria kadhaa, mfukoni una shilingi 10,000, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu anayeisubiri. Unampa mama watoto kiasi gani? Unapeleka kiasi gani kwa kijumbe wa mchezo wa kupeana fedha? Mtoto anahitaji nini wiki hiyo? Zungumzeni mambo haya na mkeo kwa sauti, maana yeye ataongeza vitu ambavyo wewe hungeviona.

Ipo na picha ya pili, nayo uitazame mara moja tu bila kuificha: tajiri amekuja asubuhi na kijana mwingine, anaomba ufunguo, nawe unabaki umeshika kofia ngumu huku hesabu zote ulizokwisha kulipa zikiondoka na chombo. Nasema mara moja kwa sababu mtu mwenye hofu ya deni kila saa ndiye anayekimbilia mkeka mkubwa zaidi ili “arudishe”.

Sasa nirudi kwa wahamasishaji wako. Wazee walisimulia kisa cha muuza vyombo vya kioo aliyekaa na kapu lake akiwaza faida juu ya faida, mpaka akajiona amemwoa binti wa waziri, akarusha teke la majivuno na kulivunja kapu zima. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani, ametumia miaka mingi kuuchunguza ugonjwa huohuo. Katika utafiti aliouchapisha na Thomas Wadden mwaka 1991, wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito, ambao ndoto zao za mchana zilikuwa tamu zaidi, ndio waliopungua kidogo zaidi. Maelezo yake ni kwamba ndoto tamu huutuliza moyo kana kwamba kazi imekwisha kufanyika. Hiyo furaha unayolala nayo, mwanangu, ni malipo unayojipa kwa kazi ambayo bado hujaifanya.

Dawa anayoitoa Oettingen ni kuiweka ile picha ya kesho kando ya kizuizi kilichopo leo, ukiviangalia vyote viwili kwa pamoja. Kizuizi chako kina saa na mahali: ni pale giza linapoingia, abiria wamepungua, na wenzako kijiweni wameanza kuchambua mechi. Basi jiwekee neno mapema, uliseme asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki: “Nikimshusha abiria wa saa kumi na mbili, nasimama hapohapo na kumtumia tajiri hesabu kwa simu. Wenzangu wakianza habari za mikeka, nawasha chombo naenda kituo kingine.” Jione ukifanya hivyo, hatua kwa hatua, hadi kidole kinapobonyeza kutuma. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor walionyesha kwamba wanafunzi waliojiona wakisoma walifanya vizuri katika mtihani kuliko waliojiona wakifurahia alama nzuri.

Tena kuna hesabu ambayo naona hujaipiga. Shilingi 3,000 kwa siku 30 ni shilingi 90,000, nalo ndilo deni lako lote la siku tisa.

Pamoja na hayo, nisingependa uione mbinu hii kuwa hirizi. Ifunge akaunti yako ya kubeti wiki hii, na laini yenye fedha ikae kwa mkeo jioni. Ukiona umefanya yote haya na bado unakopa au unadanganya ili ubeti, basi hilo si suala la kuwaza vizuri. Ni uraibu, na hospitali kubwa kama Muhimbili zina wataalamu wa afya ya akili wanaoweza kukusaidia.

Kwa tajiri, usisubiri akupigie. Nenda Jumapili hii na chochote ulichonacho, umweleze kwamba utakuwa unaongeza shilingi 3,000 juu ya hesabu ya kila siku hadi deni liishe, na umwombe aandike kila unapolipa kwenye daftari ambalo nakala yake utabaki nayo wewe.