Kabla ya kulipia glaida kuukuu, ombeni vitabu vyake

"Kaka, tumepata Blanik L-13, rangi mpya, bei ya kutupwa. Tuichukue?" Ujumbe huu umetoka kwa kijana anayejifunza kurusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, hapa Ujerumani. Hamu yake naijua, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini msitoe hela kabla hamjasoma vitabu vya ndege hiyo, yaani kumbukumbu za miruko na matengenezo yake.

Blanik, glaida ya watu wawili, si ndege mbaya. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1956, ikaundwa Kunovice, Chekoslovakia, na imefundisha marubani katika nchi nyingi. Ila ni ya aluminiamu, na aluminiamu huchoka. Pinda waya huku na huku: haukatiki kwa nguvu, unakatika kwa kurudiwarudiwa. Glaida ikiwa hewani bawa hupinda kwenda juu, sehemu ya chini ya boriti kuu, mhimili unaobeba bawa, ikavutwa. Ufa huanzia kwenye tundu la ribiti, ile pini inayoshikiza bati, jicho lisikofika. Juni 2010, huko Austria, bawa la L-13 lilikatika angani, wakafa watu wawili. EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, ikazizuia kuruka. Baadhi zimerudi baada ya kuimarishwa kwa utaratibu ulioidhinishwa.

Wauzaji hupenda kutaja saa ilizoruka. Saa peke yake hudanganya. Glaida ya mafunzo inayovutwa na winchi, mashine ya ardhini yenye kamba ndefu, mara nyingi hukaa hewani dakika tano au sita tu, kwa hiyo saa moja kitabuni ni kuvutwa mara kumi au zaidi, na kutua mara hizohizo. Ulizeni miruko mingapi, kwa winchi au kwa kuvutwa na ndege yenye injini, watu wawili au mmoja, na kama ilichezeshwa sarakasi za angani. Kurasa zikikosekana, hakuna awezaye kuwapigia hesabu ya uchovu wake.

Mimi nilishikilia msimamo huo klabuni kwetu, kwenye karakana ya majira ya baridi, mbele ya watu walionizidi umri. Glaida iliyotakiwa kununuliwa ilikuwa safi, kitabu kimoja hakionekani. Nikaitwa mwoga. Mmoja akauliza habari za ndege nimezijulia wapi. Bado inaniuma. Lakini sikusaini, na najivunia hilo hadi leo.

Vijana mnaotaka ufundi huu, zoeeni kusema hapana mkiwa peke yenu. Wala msijifariji kwamba glaida ya faibaglasi haina ribiti: ASK 21, glaida ya mafunzo ya faibaglasi, nayo ina ukaguzi maalumu wa saa zilizowekwa na kiwanda.

Basi mdogo wangu, mwite mkaguzi mwenye leseni aje na vitabu vikiwa mezani, kabla ya hata malipo ya awali. Muuzaji akikataa, ondokeni.