Maswali ya wasomaji: Jiokashi kando ya kisima kitakatifu

Kuna kisima kitakatifu cha kale kando ya mto, huku England. Ukuta wa mawe unaokizunguka una tundu linalotosha kabisa kopo langu la lita 1 la jiokashi, mchezo wa kuficha kopo ambalo wengine hulitafuta kwa GPS. Nikilificha humo na kutangaza majiranukta yake (latitudo na longitudo), kuna ubaya?

Upo. Mtafutaji hafiki akijua tundu ni lipi. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, na chini ya miti hata 10. Atapapasa kila jiwe lililomo ndani ya duara hilo, na atakayemfuata atafanya vilevile. Ukuta uliojengwa bila saruji haustahimili mikono hiyo.

Tena visima vingi vya namna hiyo vinalindwa kwa sheria ya mwaka 1979 ya mabaki ya kale, na kukiharibu kilicholindwa ni kosa la jinai. Angalia kwanza orodha ya Historic England, taasisi ya urithi wa kale (kwa Wales ni Cadw). Hata kisipokuwamo, ardhi ina mwenyewe: omba ruhusa, na uhifadhi jibu lake kwa maandishi, kwa kuwa mhakiki, yaani anayeipitisha jiokashi kabla haijatangazwa, anaweza kulitaka.

Njia tunayoipendelea ni jiokashi ya hatua mbili. Kisima kitoe namba za kukamilisha majiranukta ya kopo, na kopo likae mbali nacho, tuseme mita 200 au 300. Chagua vitu visivyobadilika: ngazi za kushukia majini, tarakimu za mwaka uliochongwa. Usihesabu sarafu wala vitambaa wanavyoacha wageni, na kibao cha maelezo nacho hubadilishwa siku yoyote. Ukiwa na latitudo ya mtindo wa digrii na dakika zenye desimali tatu, kosa la 1 katika desimali ya mwisho ni mita 1.85, ambalo si kitu. Kosa hilohilo katika desimali ya kwanza ni mita 185, yaani mtu yuko ng'ambo ya mto. Kwa hiyo tarakimu za mwanzo ziandike wazi, jibu la kuhesabu ngazi uliweke mwishoni.

Kanuni ya mita 161 kati ya jiokashi moja na nyingine hulihusu kopo lenyewe. Hatua ya kusoma namba tu haihesabiwi.

Mto hufurika kila majira ya baridi. Nikilibana kopo kwa jiwe zito halitaondoka?

Linaweza kuondoka. Kopo la lita 1 likizama husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1. Likiwa na gramu 300 pamoja na vilivyomo, zinabaki 700 za kulinyanyua. Na jiwe nalo hupungua uzito majini kwa zaidi ya theluthi: la kilo 1 hubaki na kama gramu 620. Fanya hesabu mwenyewe.

Dawa ni kupanda juu. Tazama matawi na nyaya za ua: majani makavu, vijiti na plastiki vilivyonasa vinaonyesha maji yalifika wapi. Weka kopo juu ya alama hiyo. Waya usioshika kutu uwe kinga ya pili tu, ufungwe kwenye mwili wa kopo, si kwenye kifuniko, na uzungushwe mti kwa kulegea. Msumari kwenye mti hai hauruhusiwi, wala kuchimba shimo la kuzikia bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Daftari la ndani wanalosaini watafutaji huloa ingawa kopo halijapasuka. Kwa nini?

Mara nyingi ni mpira wa kifuniko: punje moja ya mchanga, au kona ya mfuko iliyobanwa, inatosha kupitisha maji. Ufute kila unapokagua. Halafu kuna unyevu unaoingia kopo likifunguliwa mvuani, ambao hugeuka matone usiku wa baridi. Tumia karatasi isiyoloa na penseli. Ule mfuko wa plastiki wa ndani usiutegemee. Ukishatoboka, hutunza maji badala ya kuyazuia.

Kwenye miti ya hapo pamefungwa vitambaa. Viondolewe?

Hapana. Ni dua za watu. Waandikie watafutaji wasiguse chochote, na wakikuta mtu anasali wasubiri.

Mwenye ardhi amekataa kopo, lakini hakatazi watu kufika.

Basi fikiria jiokashi ya jiolojia, aina iliyoanza mwaka 2004 na isiyo na kopo. Kisima kinacholishwa na chemchemi kinafaa: kwa nini maji yanatokea hapo, ni mwamba gani unaoyapitisha na upi unaoyazuia? Lazima umtake mgeni aangalie kitu palepale na akutumie majibu. Historia ya mtakatifu wa kisima unaweza kuigusia, ila ukiuliza hiyo peke yake mhakiki ataikataa. Mwenye ardhi mwambie vilevile, kwani kutokataza wapita njia si sawa na kukubali mahali pake patangazwe.